Chambo hai au kipande? Mjadala wa ndoano kutoka Salamabila hadi Lualaba

Mtu yeyote aliyewahi kumtafuta mbenga katika Lualaba atakuambia neno moja hata kabla hujatoa mshipi wako: samaki huyu hataki mzoga. Wataalamu walimpa jina la Hydrocynus goliath mwaka 1898. Hukua kupita mita moja, na yule aliyeingia katika daftari la rekodi la IGFA, shirika la kimataifa la uvuvi wa mshipi, aliyevuliwa Kinshasa mwaka 1988, alikuwa na kilo 44. Meno yake yako nje hata akifunga kinywa, ya juu yakiingia kati ya yale ya chini, na akiuma anakata. Chakula chake ni samaki wenzake, na huwafukuza wakiwa wanaogelea. Basi anayemtaka hana budi kumwekea kiumbe kinachoogelea.

Kiumbe hicho nacho ni samaki, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Salamabila, mashariki mwa Kongo, ni mji wa dhahabu. Machimbo ya Namoya yamevuta watu wengi kuliko mashamba ya jirani yanavyoweza kuwalisha, na samaki wa kidole kimoja, akikaangwa au akichemshwa na majani ya muhogo, ni chakula cha mtoto. Anayetaka maji makubwa kutoka hapo huelekea Luama upande wa Kabambare, au Lualaba upande wa Kasongo. Je, ni haki achukue samaki hai na kumtundika kwenye ndoano? Na kama ni haki, amtundike yupi, na ndoano ipite wapi?

Sauti nne zinazosema hapa nimezipanga mwenyewe kutokana na hoja zinazogongana kila wavuvi na wanunuzi wa samaki wanapokaa pamoja. Yuko Mzee, mvuvi wa mshipi wa upande wa Kasongo. Yuko Kijana, anayechimba dhahabu na kuvua siku ambazo shimo limejaa maji. Yuko Mama, muuza samaki wa sokoni. Na yuko Mwalimu, anayefundisha biolojia. Mimi nitaingia kati pale inapohitajika, na upande wangu sitauficha.

MZEE: Bila chambo hai usiende Lualaba kumtafuta mbenga. Baki nyumbani ulale. Ukiweka kipande, utawalisha kambale, utamlisha kobe wa maji, utawalisha wadogo wanaodokoa mpaka ndoano ibaki tupu. Mbenga anataka anayekimbia. Mtundike samaki mgongoni, ahangaike. Kule kuhangaika ndiko kunakomwita.

KIJANA: Muzee, unisamehe, lakini maji unayoyasema ni ya zamani. Siku hizi kijito kikipita kwenye machimbo kinatoka na rangi ya chai ya maziwa. Tumbukiza mkono hadi kiwiko, vidole huvioni. Chambo kinacheza humo, nani anakiona? Mimi naweka utumbo wa kuku, au kipande cha samaki kilicholala siku mbili, napata kambale. Kambale ana nyama. Mbenga ana miiba tele.

MZEE: Basi hutafuti mbenga, mwanangu.

KIJANA: Natafuta chakula, Muzee.

MWALIMU: Mruhusuni mwalimu aseme kidogo. Samaki haoni kwa macho peke yake. Ubavuni ana mstari wa vitundu vidogo vinavyohisi mtikisiko wa maji. Kwa hiyo hata maji yakichafuka, samaki anayehangaika bado anasikika kwa mwenzake aliye karibu. Kinachopungua ni umbali. Katika maji meupe mbenga atamwona chambo kutoka mbali, katika maji ya tope atamhisi akifika karibu tu. Kijana hajakosea kuhusu harufu, maana harufu husafiri na mkondo hata gizani. Lakini harufu humwita anayenusa, na kambale ndiye mnusaji.

KIJANA: Kwa hiyo tuko sawa wote wawili?

MWALIMU: Kila mmoja yuko sawa mtoni kwake. Ninyi mnabishana juu ya samaki wawili na maji mawili.

Hapa nataka kuongeza jambo ambalo wabishi wengi hulipita. Swali la chambo gani bora haliwezi kujibiwa kabla ya kuuliza chambo hicho kitaishi muda gani katika maji yale. Thamani yote ya chambo hai ni uhai wake. Kikifa baada ya robo saa, umebaki na kipande, tena kipande kisicho na harufu kali, ambacho Kijana angekizidi kwa utumbo wake wa kuku. Mvuvi asiyejua kutunza chambo hana haki ya kujisifu kwamba anavua kwa chambo hai.

Angalia wanaopatikana huku. Tilapia mdogo anaogelea kwa nguvu na ubavu wake unang'aa. Katika maji masafi sijui wa kumshinda. Wale wadogo weupe wenye magamba yanayong'oka ukiwagusa tu ni chakula halisi cha mbenga, lakini hawavumilii mkono wa mtu wala jua la kwenye mtumbwi. Wale wenye pua ndefu, jamaa wa Mormyridae, wanaotoa umeme hafifu wa kujiongozea gizani, nao ni laini. Maji yakipata joto, wanakwisha. Anabaki kambale. Juu ya matamvua yake ana kiungo cha ziada kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, na ndiyo maana utamkuta hai kwenye dimbwi ambalo samaki wengine wote wameelea matumbo juu. Kwa maji ya tope, kwa safari ndefu ya pikipiki ukiwa na kidumu nyuma, kwa kusubiri usiku kucha, hana mpinzani.

MZEE: Kambale ni mvumilivu, hilo nakubali. Lakini ana tabia mbaya. Ukimwacha, anashuka chini, anaingia kwenye jiwe au kwenye mizizi, anajificha. Asubuhi unavuta mshipi, unakuta chambo chako kimelala salama shimoni. Na mbenga amepita juu usiku kucha.

KIJANA: Ndiyo sababu natia chubwi zito, asisogee.

MWALIMU: Hapana. Hilo nalikataa kabisa. Katika maji yenye hewa ya kutosha kambale anaweza kutegemea matamvua yake kwa muda. Lakini katika tope unalolisema wewe, akizuiwa chini na chubwi zito, asipande kuvuta hewa, atadhoofika. Unamzamisha samaki, mwanangu! Chubwi liwe dogo, la kumtuliza tu, na juu uweke chelezo. Kipande cha mti mwepesi kinatosha, hata chupa ya plastiki. Umbali kati ya chelezo na chambo uwe mfupi kuliko kina cha maji, asifike chini kujificha, na chubwi lisimzuie kupanda. Akipanda kuvuta hewa, anavunja uso wa maji. Mbenga atasikia.

MZEE: Sasa unasema maneno ya mvuvi, Mwalimu.

Ndoano ipite wapi? Wengi huzungumza kana kwamba jibu ni moja. Yako matatu, na kila moja lina maji yake. Ukipitisha ndoano kwenye midomo, chambo kinatazama mkondo, maji yanaingia kinywani na kutokea kwenye matamvua kama kawaida, na kinaweza kukaa muda mrefu mtoni. Hii ni njia ya maji yanayokimbia. Ukiipitisha mgongoni, chambo kinaning'inia sawasawa chini ya chelezo, kinazunguka na kuhangaika. Hii ni njia ya maji yaliyotulia, kwenye vilindi vya Luama pale mto unapopinda. Ukiipitisha nyuma, karibu na mkia, chambo kinakimbia mbele kukwepa uzito wa mshipi na kwenda mbali na mtumbwi au chini zaidi. Ila katika mkondo mkali njia hii ya tatu ni mbaya, kwa sababu samaki anayevutwa kinyumenyume matamvua yake hayafanyi kazi vizuri, na hachukui muda kufa.

Kwa kambale, mgongo ndio mahali pake, na mkono usiozoea huharibu hapo hapo. Lowesha mikono kwanza. Mkono mkavu unaondoa ute, na kambale hana magamba. Ute ndio kinga yake. Mshike nyuma ya kichwa, vidole vyako vikae nyuma ya ile miiba miwili ya mapezi ya ubavuni, maana akishtuka huisimamisha ikakaza, na inachoma. Sasa utazame mgongo wenyewe. Pezi lake ni refu, linaanza nyuma ya kichwa na kukaribia mkia. Chini tu ya shina la pezi hilo kuna ukanda mwembamba wa nyama, na chini ya nyama ndipo uti wa mgongo. Ndoano ipite katika ukanda ule kutoka upande mmoja hadi wa pili, ncha yote ibaki nje, wazi. Ukigusa uti, utaona ananyooka, mkia unatetemeka, basi. Chukua mwingine, na huyo mweke kwenye sufuria.

MZEE: Mimi natia ndoano mbili. Mbenga humuuma chambo mkiani kwanza. Anamkata nusu, anamwacha ashindwe, halafu anarudi. Ndoano ya mgongoni peke yake inabaki na kichwa tu. Naunga ya pili kwa waya mfupi, naipachika karibu na mkia.

KIJANA: Ndoano mbili, matundu mawili, chambo kinakufa upesi. Umesema mwenyewe kuhangaika ndiko kunakomwita.

MZEE: Nataka kumpata, sitaki kumwita tu aje anisalimie.

MWALIMU: Na waya, Muzee? Unaupata wapi?

MZEE: Kebo ya breki ya pikipiki. Naifungua, nachomoa nyuzi chache, nazisokota. Mshipi wa nailoni bila waya mbele ni kumpa mbenga zawadi. Anakata na kwenda na ndoano yako kinywani. Waya uwe mwembamba, la sivyo chambo kinachoka kuubeba.

Ukubwa wa chambo nao huzua maneno, lakini hapo nitapita haraka, maana jibu limo tumboni mwa samaki wenyewe. Watafiti waliopasua matumbo ya Hydrocynus vittatus, ndugu mdogo wa mbenga, wamekuta humo samaki wenye urefu wa karibu asilimia 40 ya urefu wa aliyewameza. Mwenye kuogopa kwamba kambale wa shibiri moja ni mkubwa mno kwa mbenga wa mita moja aondoe wasiwasi.

Mjadala wa ndoano moja au mbili ni wa dhati zaidi, na una ndugu yake mbali sana na hapa. Kwenye pwani ya mashariki ya Marekani yuko samaki anayependwa mno na wavuvi wa mshipi, besi wa mistari, Morone saxatilis, anayepanda mito kama Hudson kutaga mayai. Wanamvua kwa mikunga hai na kwa samaki wadogo wa baharini waliotundikwa puani au mgongoni, vilevile kama Mzee anavyofanya. Wengi walikuwa wakimkamata na kumrudisha majini, lakini ndoano ya kawaida humezwa pamoja na chambo hadi tumboni, na samaki anayerudishwa na tundu tumboni hufa baadaye. Tume inayosimamia uvuvi wa majimbo ya pwani hiyo iliamua kwamba kuanzia 2021 mvuvi wa burudani anayetumia chambo kwa samaki huyo atumie ndoano ya duara tu.

MWALIMU: Ndoano ya duara ncha yake imepinda kurudi kuelekea mti wa ndoano. Samaki akiimeza na kuondoka, haichomi tumboni. Inateleza mpaka pembe ya mdomo, hapo inashika. Sharti lake moja: usiivute kwa ghafla. Mwache achukue, ageuke, mshipi ukaze wenyewe.

MZEE: Nisivute? Kinywa cha mbenga ni mfupa mtupu. Usipovuta kwa nguvu, ndoano haiingii.

MWALIMU: Inaingia pale ambapo si mfupa, Muzee. Ukivuta kwa ghafla, ile ya duara unaitoa kinywani mwake.

KIJANA: Na sisi haturudishi samaki majini. Faida yake kwetu ni ipi?

MWALIMU: Ya kwanza, hutabaki na samaki aliyemeza ndoano yako na waya wako hadi tumboni, ukakesha ukipasua. Ya pili, kwenye kamba uliyoiacha usiku bila mtu wa kuivuta, ndoano inayojikaza yenyewe inakufanyia kazi umelala. Ya tatu, ukitaka kumrudisha mchanga asiyefaa kitu, utaweza.

Mzee hakukubali, na sitamlazimisha kukubali. Kwa upande wangu, kwa kamba inayoachwa usiku ningechagua ndoano moja ya duara mgongoni mwa kambale, tena nyuma kidogo kuelekea mkia, mahali mbenga anapouma. Kwa mshipi wa mkononi mchana, mvuvi akiwa macho, hoja ya ndoano mbili ina uzito, na chambo kife upesi kikitaka, kwa sababu mkono upo wa kukibadilisha.

MAMA: Mmemaliza? Mmeongea juu ya ndoano ipite mgongoni, ipite mdomoni, moja, mbili. Hakuna aliyeuliza samaki huyu wa chambo alitoka wapi. Mimi nauza samaki kwa fungu. Wadogo hawa mnaowatia kwenye kidumu ndio fungu la mama asiyekuwa na pesa ya mkubwa. Na najua mnavyowapata. Mnakwenda kwenye nyasi zilizofurika wakati wa mvua, mnatandaza chandarua cha mbu, mnazoa kila kitu, mnachagua ishirini wa chambo, waliobaki wanakauka ukingoni.

KIJANA: Si wote wanaofanya hivyo, Mama.

MAMA: Sikusema wote. Nimesema najua. Kambale anakwenda kutaga kwenye nyasi hizo hizo mvua zikianza. Unayemzoa pale kwa chandarua, mwakani angekuwa mkubwa, ningemuuza mimi. Na mbenga wenu mtoto naye yumo humo. Halafu mnakuja kulia kwamba mto umekwisha, mnasema ni machimbo.

MZEE: Machimbo yana sehemu yake, Mama.

MAMA: Yana sehemu yake. Chandarua kina sehemu yake. Wagenya wa Kisangani wanatundika migono yao kwenye maporomoko, maji yenyewe yanawaletea samaki, hawamtoboi mtu mgongo.

MZEE: Kasongo hatuna maporomoko yale, Mama. Mgono wa kwenye maji yaliyotulia bila kitu ndani ni kikapu tu.

Mama ameugusa mzizi wa jambo, na ushahidi wake upo katika maji makubwa zaidi ya Afrika Mashariki. Katika Ziwa Viktoria, sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 alitawala ziwa miaka ya 1980, na viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, Kisumu na upande wa Uganda. Wavuvi wengi walimfuata kwa kamba ndefu zenye mamia ya ndoano, na kila ndoano ilitaka chambo. Furu, wale samaki wadogo wa ziwani, walitumika, lakini aliyependwa ni kambale mchanga, kwa sababu iliyokwisha kutajwa hapa: anakaa hai kwenye ndoano usiku mzima. Fikiria mahitaji hayo. Mtumbwi mmoja wenye ndoano mia tano unataka kambale mia tano, na mtumbwi wa jirani vilevile. Mabwawa na vinamasi vya kando ya ziwa vikazolewa.

Kilichofuata ndicho ninachotaka kisikike Salamabila. Wafugaji wa samaki wa Kenya na Uganda waliona kwamba kambale mchanga ana bei. Vituo vya kuzalisha vifaranga vilivyokuwa vimeanzishwa kwa ajili ya mabwawa ya chakula vikajikuta vinauza vifaranga kwa wavuvi wa sangara, na kuna wakati soko la chambo lilikuwa kubwa kuliko la wafugaji. Kumzalisha kambale kunataka mkono wenye ujuzi, maana katika bwawa tulivu hatagi kwa urahisi; jike hudungwa sindano ya homoni, au maji ya tezi iliyotolewa kichwani mwa kambale mwingine aliyekomaa, kisha mayai hukamuliwa na kuchanganywa na mbegu za dume. Jike mmoja mkubwa hutoa makumi ya maelfu ya mayai.

KIJANA: Sisi mashimo tunayo tayari. Shimo likiisha dhahabu linajaa maji, linabaki. Tuwatie kambale humo. Hakuna kuchimba bwawa, hakuna gharama.

MAMA: Wazo zuri, mwanangu.

MWALIMU: Mama, usimpongeze bado. Kijana, kwenye shimo lile mlisafisha dhahabu kwa zebaki?

KIJANA: Mengine ndiyo. Mengine hapana.

MWALIMU: Pale zebaki inapotumika, haiishii kwenye karai. Ikiingia kwenye tope la chini, vijidudu vinaibadili kuwa aina inayoshika mwilini. Mdudu wa majini anaipata, samaki mdogo anakula wadudu wengi, samaki mkubwa anakula wadogo wengi, na kila hatua inazidi. Minamata, Japani, ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na waliougua walikuwa walaji wa samaki wa ghuba yao. Mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013, ulipewa jina la mji huo. Katika shimo la zebaki usifuge kambale wa kula, wala wa chambo.

KIJANA: Wa chambo ataliwa na mbenga, si na mimi.

MAMA: Na mbenga ataliwa na nani?

MZEE: Unataka kusema samaki ninayemtafuta maisha yangu yote ana sumu?

MWALIMU: Sijampima, Muzee, na siwezi kumhukumu bila kumpima. Nasema kanuni. Anayekula samaki wenzake, tena akaishi miaka mingi, ndiye anayekusanya zaidi. Mtoni chini ya machimbo yanayotumia zebaki, mbenga mzee wa kilo nyingi ndiye wa kutilia shaka kwanza, na tilapia mdogo ndiye wa mwisho. Na anayedhurika zaidi ni mtoto aliye tumboni.

MAMA: Kwa hiyo mnamchukua samaki mdogo aliye salama, chakula cha mtoto, mnamtundika ili mpate mkubwa ambaye mama mjamzito afadhali asimle. Hiyo ndiyo hesabu yenu?

Hakuna hoja iliyonisukuma kama hii, na naisimamia. Uvuvi wa chambo hai una uzuri wake: unataka macho, subira na mkono laini, na Mzee ana maarifa ambayo hayapaswi kupotea naye. Lakini karibu na machimbo hauwezi tena kufanywa kwa kuzoa vichanga vya mto. Chambo kitoke bwawani, na bwawa lichimbwe kwenye udongo usiojua zebaki, juu ya machimbo na si chini yake. Jambo hili si geni nchini. Katika miaka ya 1950 Kongo ya Wabelgiji ilikuwa na mabwawa ya tilapia kwa makumi ya maelfu, mengi yakiwa vijijini, na mengi yalikauka kwa kukosa matunzo baada ya hapo. Bwawa dogo la tilapia halitaki sindano wala homoni. Tilapia wanazaana wenyewe mpaka wanajaa na kudumaa. Wale waliodumaa, wasiokua, ambao mfugaji yeyote analazimika kuwapunguza ili wenzao wapate nafasi, ndio chambo ambacho Mama hawezi kukilalamikia.

MZEE: Tilapia, katika maji ya Kijana, hatakaa saa moja.

KIJANA: Ndiyo maana nilisema shimo la kambale, Muzee.

MWALIMU: Tilapia kwa Lualaba, ambako maji bado yana nafasi. Kambale wa kufugwa kwa maji ya tope, tukipata wa kuwazalisha.

MZEE: Na njiani? Kutoka bwawani hadi mtoni Kasongo-Rive jua linawaka.

MWALIMU: Usiwalishe siku moja kabla ya safari, wasichafue maji. Kidumu kisijae samaki, nusu yake iwe hewa. Funika kwa majani mabichi. Ukifika, usiwamwage mtoni kwa ghafla. Ongeza maji ya mto kidogo kidogo ndani ya kidumu mpaka joto lilingane, kisha watie kwenye tenga lililozamishwa kivulini. Waache wapumzike kabla hujawatia ndoano.

MZEE: Hilo la tenga nalijua tangu kwa baba yangu. La kutowalisha sikulijua.

KIJANA: Bei je? Nikichimba bwawa, wewe Muzee utaninunulia chambo, au utarudi kwenye nyasi na chandarua?

MZEE: Mimi chandarua sijawahi kukitumia. Lakini ukinipa tilapia hai, wa urefu wa kiganja, asiyechubuka, nitakulipa. Aliyechubuka sitamchukua.

MAMA: Aliyechubuka nitamchukua mimi. Na kila mara ukivua bwawa, fungu la kwanza ni la soko, la pili ndilo la ndoano. Tukikubaliana hapo, mwanangu, hata mume wangu atakuja na jembe.

KIJANA: Fungu la kwanza la soko, Mama, kwa bei gani?